Saadani na mjomba: siku sita kati ya pori na bahari

Jumatano

Tumeondoka Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri ili foleni isitukute mjini. Tuko watatu: mimi, mjomba wangu na dereva, ndani ya gari la kukodi linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mjomba ana miaka 72. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikimsikia akilitaja jina la Mkwaja, ranchi aliyochunga ng'ombe ujanani, na kila nilipokwenda kumsalimia alirudia neno lake: "Mjomba, siku moja utanipeleka." (Sisi huitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake.) Ranchi yenyewe haipo tena. Ardhi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nauli nimelipa mimi, lakini safari ni yake.

Njia tuliyopita ni ya Bagamoyo hadi Msata, kisha kulia kuelekea Segera. Unavuka daraja la Wami, na ukifika Mandera unaiacha lami na kukata kulia tena, njia ya Miono. Kuanzia hapo ni kama kilomita 60 za vumbi, na katika vipande vingine udongo mweusi uliokauka na kupasukapasuka. Mjomba aliutazama akasema masika udongo huo haupitiki, unakamata gari kama ugali unavyokamata mwiko.

Kwa atakayekuja huku: hifadhi haipokei fedha taslimu langoni. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa kadi. Mtandao huku unakuja na kupotea, kwa hiyo maliza jambo hilo kabla hujaacha lami. Sisi tulipoteza karibu saa nzima tukimnyanyua dereva juu ya boneti kutafuta mtandao.

Askari wa hifadhi aliyetupokea alikuwa kijana mpole. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande."

"Mmekuja kumwona simba?"

"Nimekuja kuliona zizi langu," mjomba akajibu. Kijana akamtazama, akaona mzee hatanii, akaweka kalamu chini. Wakazungumza wao wawili muda mrefu, mimi nikabaki na fomu.

Saadani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Iliunganishwa kutoka vipande vitatu: pori la akiba la Saadani la zamani, msitu wa Zaraninge upande wa kusini magharibi, na ardhi ya ranchi ya Mkwaja upande wa kaskazini. Kwa jumla ni takribani kilomita za mraba 1,100. Kati ya hifadhi zote za taifa za bara, hii ndiyo ambayo nyika yake inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, na ndiyo maana tangu nianze kuisoma nilitaka kuona pale hasa mahali vitu viwili hivyo vinapokutana.

Tumefikia kwenye mabanda ya pwani. Hakuna mwezi leo, ni giza tupu. Kusi inavuma moja kwa moja bila kupumua. Tumeambiwa tusitoke nje usiku bila askari, na nikiwa ninaandika haya komba analia kwenye mti nyuma ya banda, sauti ile ya mtoto anayenyang'anywa kitu.

Alhamisi

Mjomba huamka kabla ya adhana hata pale pasipo na msikiti. Saa kumi na mbili kamili alinigongea. "Mjomba, njoo uone, lakini usipite mbele yangu." Afande wa doria alikuwa naye tayari.

Zilikuwa nyayo za tembo. Zilitoka kwenye vichaka, zikakata mchanga mkavu, zikashuka hadi mchanga mbichi, zikafuata ukingo wa maji kwa hatua kama mia moja, kisha zikapinda na kurudi porini. Tembo mmoja, peke yake. Tulichuchumaa juu ya wayo mmoja uliokaa vizuri. Ndani yake mlikuwa na michirizi na mikunjo, kama ramani ya mito, kama kiganja cha mtu aliyelima maisha yake yote. Wayo wa mbele ni duara, wa nyuma umerefuka kidogo, na mara nyingi wa nyuma unakanyaga juu ya wa mbele, hivyo inabidi utafute mahali alipogeuka ili uupate wa mbele ukiwa mzima.

Afande akaupata. Akatoa kamba mfukoni, akaizungusha kwa uangalifu kufuata ukingo wa alama, kisha akaipima kwenye futikamba: sentimita 122. "Zidisha mara mbili," akasema. "Hicho ndicho kimo chake begani, karibu karibu." Mita mbili na nusu kasoro kidogo. Huenda ni jike mzima, huenda ni dume ambaye bado anakua.

Mjomba naye akaongeza la kwake. Jana usiku tulikuwa na bamvua, maji yakajaa saa kumi alfajiri hadi kwenye mstari wa takataka za mwani tuliokuwa tumesimama juu yake. Nyayo zile zilikuwa chini ya mstari huo, na kingo zake zilikuwa kali, hazijalainishwa na wimbi hata moja. "Kwa hiyo kapita maji yakishaanza kupwa," akasema. "Sisi tumelala, yeye yuko hapa. Saa kumi na moja, si zaidi." Mtu aliyechunga ng'ombe hajui kuangalia ardhi bila kuiuliza swali.

Nilikaa pale mpaka jua likapanda. Nilikuja nikiwa na orodha kichwani, simba, twiga, palahala, nyati, na asubuhi ya kwanza nimepewa mnyama ambaye sikumwona, nami sikuhisi kwamba nimekosa kitu.

Saa nne maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, bahari imekuwa mstari tu. Tukaenda kijijini Saadani. Kijiji kimezungukwa na hifadhi upande wa bara na bahari upande wa pili, na watu wake ni wavuvi, hasa wa kamba na dagaa. Akina mama walikuwa wakianika uduvi chini, na harufu yake ilitufuata mpaka jioni. Mama mmoja alituambia kwamba ngiri hupita katikati ya nyumba na hakuna anayeshtuka, ila nyani wana adabu mbaya, wanafungua sufuria.

Ukitazama ukubwa wa kijiji leo, ni vigumu kuamini kwamba katika karne ya 19 mji huu ulikuwa ukishindana na Bagamoyo. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilishukia hapa, na ng'ambo ya maji ni Unguja. Mtawala wake, Bwana Heri, aliwaongoza Wazigua kupigana na Wajerumani wakati uleule Abushiri alipokuwa akipigana nao Pangani na Bagamoyo. Saadani ilishambuliwa na kutekwa mwaka 1889. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Bwana Heri alishikilia mapambano porini hadi 1890 ndipo akasalimu amri. Boma la Wajerumani bado lina kuta zake, na kuna makaburi yao yaliyoliwa na chumvi. Tulisimama hapo kimya. Mzee mmoja wa kijiji aliyetusindikiza alilitaja jina la Bwana Heri kama unavyomtaja mtu wa mtaa wa pili.

Jioni tulipita kwenye mashamba ya chumvi karibu na kijiji. Heroe walikuwa wamesimama kwenye maji ya kina cha goti, mamia, vichwa chini, rangi yao ikikolea kadiri jua lilivyoshuka. Mjomba aliwatazama kidogo akasema tu kwamba wanakula kama bata. Alikuwa anawaza Mkwaja.

Ijumaa

Usiku ilinyesha mvua ndogo, jambo ambalo Julai huwa hulitegemei, nayo ilitosha. Tulinasa kwenye udongo mweusi baada ya saa moja ya safari. Tulikata matawi makavu, tukayatia chini ya matairi, tukasukuma. Mjomba alitusimamia. Tukatoka.

Njiani tuliona twiga wanane, wakubwa kwa wadogo, wamesimama kati ya migunga huku nyuma yao, mbali, kukiwa na kipande cha bahari cha buluu. Kundi la kuro lilikaa pembezoni mwa dimbwi, na tohe wawili waliruka kutoka kwenye nyasi ndefu wakipiga mluzi. Palahala sikumwona. Afande aliniambia wapo, ila wanapenda maeneo yenye miti na hawana papara ya kuonekana.

Kisha mbung'o wakaanza. Walitufuata kama deni. Mjomba aliniambia nivue shati langu la buluu. Nikadhani ni imani za wazee, lakini afande akathibitisha: mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na vile vitambaa vya buluu na vyeusi vinavyotundikwa porini ni mitego yao. Nikavaa fulana ya kaki ya dereva. Waliendelea kuuma, ila kwa uchache.

Mbung'o ndio historia yenyewe ya Mkwaja. Ranchi ilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya nyama, na kwa karibu miaka 50 ng'ombe waliishi hapa kwa sindano. Mbung'o anaeneza nagana. Ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, anabaki nyuma ya kundi, na siku moja haamki. Mjomba anakumbuka dawa, majosho ya kupe, na kuhesabu kila jioni. Na kila walipokata migunga, migunga ilirudi mingi zaidi na kuzima malisho. Ranchi ilifungwa mwaka 2000.

"Ng'ombe walikuwa na namba masikioni," akaniambia. "Lakini sisi tuliwapa majina. Kidoti. Sikujua. Mama Huruma. Namba ilikuwa ya ofisi."

Tulitafuta zizi lake kwa karibu saa mbili. Miti imekuwa mipya na njia za zamani zimefutika. Mjomba alikaa kiti cha mbele akimwelekeza dereva kwa kutumia kilima kimoja na miti mitatu ya mivumo iliyosimama pamoja. Mara mbili tulikosea. Mara ya tatu gari likatoka kwenye migunga na kuingia ghafla kwenye uwanja wa nyasi fupi za kijani, kama mtu ameupunguza kwa fyekeo. Pande zote nyasi zilikuwa zimekauka, ndefu kupita kiuno. Pale katikati zilikuwa fupi na laini. Ngiri kama kumi na tano walikuwa wamepiga magoti wakila. Nyuma yao kongoni watano, na kuro jike na ndama wake.

Mjomba hakusema kitu. Akaomba ruhusa ya kushuka. Afande akatangulia na bunduki, akatazama huku na huku, akampa ishara.

"Hapa," akasema. "Lango lilikuwa hapa."

Afande ndiye aliyenieleza sababu. Kila usiku, kwa miaka na miaka, mamia ya ng'ombe walilazwa mahali pamoja. Samadi na mkojo wao viliutajirisha udongo, na utajiri huo haujaisha mpaka leo. Nyasi zinazoota juu ya mazizi ya zamani zina lishe kuliko za porini, na wanyama wanaokula nyasi wamelijua hilo. Wanakuja hapa, wanazipunguza, nyasi changa zinaota tena, nao wanaacha samadi yao juu ya ile ya ng'ombe. Kuna mazizi mengi ya aina hiyo ndani ya Mkwaja, na mtu anayejua anaweza kuyasoma kutoka mbali kwa rangi ya nyasi tu.

Mjomba alisikiliza yote. Kisha akainama, akaokota kinyesi kikavu cha kongoni, akakivunja kwa vidole na kukinusa, kama nilivyomwona akinusa udongo wa shamba lake mwaka hata mwaka. "Nyasi nzuri hizi," akasema. "Tungekuwa nazo wakati ule."

Tulilipata na josho, pembeni kidogo: mfereji wa saruji, umepasuka upande ambao ng'ombe walikuwa wakiingilia, na ndani yake umeota mti ambao kimo chake kimenizidi. Alipitisha mkono juu ya ukingo. Saruji ilikuwa imelainika kwa kusuguliwa na mbavu. Nilipiga picha moja tu, ya mkono huo. Tulipoondoka ngiri walikuwa wamesharudi mpaka kwenye lango.

Jumamosi

Leo tumekwenda mto Wami kwa boti. Mto huu unakuja kutoka mbali, maji yake ni ya milima ya Ukaguru na nyanda za Dodoma, na huku mwishoni ndio mpaka wa kusini wa nyika ya Saadani. Tuliondoka saa tatu, tukishuka na maji yanayokupwa.

Mwanzoni kingo ni za maji baridi: ukangaga, mikindu iliyoinamia mto, miti mirefu iliyosheheni mbega. Mikia yao yenye ncha nyeupe inaning'inia kama taulo zilizoanikwa. Viota vya kwera vimetundikwa kwenye matawi yanayoning'inia juu ya maji, ambako nyoka atapata tabu kufika. Viboko tuliwapita katika kundi la kumi na wawili, nahodha akapunguza mashine na kukaa upande wa maji madogo, ili asiwakate njia ya kwenda kwenye kina. Mamba mmoja mkubwa alikuwa amelala mdomo wazi juu ya tope na hakujisumbua. Furukombe aliita kutoka juu ya mti, mwenzake akajibu ng'ambo. Mjomba alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni mtu wa nchi kavu.

Kisha bila kutangaziwa, mikindu inaisha na mikoko inaanza. Hapo ndipo maji ya chumvi yanapofika. Nahodha ni mwenyeji wa pwani hii na anaijua mikoko mti mmoja mmoja. Kwetu sisi wa mjini yote ni "mikoko", kwake si hivyo hata kidogo. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi inayotoka juu kwenye shina na kujikita kwenye tope kama miguu ya buibui. Mkandaa, magome yake hutoa rangi nyekundu ya kutilia ukindu. Msinzi ni nguzo. Mkomafi una tunda kubwa la duara linalopasuka vipande. Mlilana unakaa mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi, nao ndio hutoa mataruma, yaani mbavu za mashua.

Alisimamisha boti chini ya mchu, akachuma jani. "Lambeni upande wa chini." Tukalamba. Chumvi kavu, kama umepitisha ulimi kwenye dagaa. Mti huu hunywa maji ya chumvi, ukaitoa chumvi kupitia majani. Chini yake mizizi ilikuwa imechomoza juu ya tope, maelfu, kama penseli zilizochomekwa, na hiyo ndiyo njia yake ya kuvuta hewa maana ndani ya tope hewa hakuna. Katikati ya penseli hizo kaa wadogo wenye gando moja kubwa la rangi ya chungwa walikuwa wakipunga, wote pamoja, kisha boti ilipotikisika wote wakatoweka.

Nahodha alituonyesha vikamba vidogo vyenye mwili wa kioo, urefu wa ukucha, vikijificha kwenye mizizi. Hukulia hapa, humu kwenye kivuli na tope, halafu hutoka baharini wakiwa wakubwa. Nikawakumbuka wavuvi wa kijijini. Mtu akikata mkoko huku, wavu wa mwenzake ndio unaorudi mtupu kule.

Mdomoni mwa mto maji yalikuwa madogo sana, tukangoja kwenye fungu la mchanga mpaka yakaanza kurudi. Yangeyange walikuwa wamejipanga kwenye ukingo. Mjomba alishuka, akavua viatu, akasimama mguu mmoja kwenye maji ya mto na mwingine kwenye ya bahari, akaonja yote mawili kwa kidole. Tukarudi na maji ya kujaa, bila haraka.

Jumapili

Asubuhi hatukufanya lolote. Kula, kulala, kufua.

Saa tisa tulikwenda kaskazini, ufukwe wa Madete. Kasa hutaga hapa, na hii ni moja ya fukwe chache za bara ambazo bado wanazitegemea. Tuliambiwa kuna kiota cha katikati ya Mei ambacho siku zake zimetimia. Mayai ya kasa hukaa mchangani kama miezi miwili kasoro, na joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga wa moto zaidi hutoa majike, uliopoa hutoa madume. Kiota hicho kilikuwa kimetagwa chini mno, maji ya bamvua yangekifikia, hivyo walinzi walikihamishia juu usiku uleule. Lazima iwe ndani ya saa chache, na kila yai libebwe bila kugeuzwa, kwa sababu baadaye kiinitete hushika kwenye ganda na ukiligeuza unakiua.

Kabla ya magharibi afande wa zamu alituonyesha alama za jike aliyepanda usiku wa jana. Pana kama njia ya trekta. "Tazama kushoto na kulia," akasema. Mikwaruzo ya pande zote mbili ilikuwa sambamba, kwa sababu kasa huyu hujivuta kwa mapezi yote mawili kwa pamoja. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, hupishanisha, moja baada ya jingine, kama mtu anayetambaa. Mjomba alizifuata hadi juu na kurudi, akiwa ameweka mikono nyuma. Nadhani hakuna lugha aliyoipenda zaidi wiki hii yote.

Tukakaa. Taa zote zimezimwa, simu mifukoni. Mwezi mchanga ulikuwa umeshatua, nyota zimejaa. Katikati ya saa mbili na saa tatu mchanga juu ya kiota ulididimia, shimo dogo la ukubwa wa kisahani. Hakuna kilichotokea kwa muda. Kisha pua moja. Kisha mchanga ukachemka.

Walitoka kwa pamoja, wanapandana migongoni, kila mmoja mdogo kuliko kiganja changu. Walisimama kidogo, wakageuka upande wa bahari, wakaanza. Wanafuata mahali penye mwanga zaidi upeoni, na usiku kwenye ufukwe wenye giza mwanga huo ni bahari yenyewe na nyota zake. Ndiyo maana taa moja ya nyumba au ya gari huweza kuwageuza wote kuelekea nchi kavu. Kaa walikuwa wanangoja mashimoni mwao. Afande aliwafukuza wale wa karibu, akatukataza kuwabeba watoto. Ni lazima watembee wenyewe.

Mmoja alianguka ndani ya wayo wangu.

Nilikuwa nimepita pale jioni bila kufikiri, na kisigino changu kilikuwa kimeacha shimo. Kwake yeye lilikuwa bonde. Alipanda, akateleza, akapanda, akateleza, mapezi yakirusha punje za mchanga. Sikuruhusiwa kumgusa. Afande akaja kwa magoti, akausawazisha ukingo wa mbele kwa upande wa mkono, polepole, mpaka ukawa mteremko. Mtoto akapanda, akatoka, akaendelea. Basi sote tukapiga magoti, mimi, dereva, na mjomba na miaka yake 72, tukawa tunafuta nyayo zetu kutoka kiotani mpaka kwenye maji.

Tulihesabu 83. Wa mwisho alichukuliwa na wimbi la tatu. La kwanza na la pili yalimrudisha.

Jumatatu

Tumeondoka saa moja. Karibu na lango tembo watano walivuka barabara mbele yetu, wakubwa watatu na wadogo wawili, wakaingia kwenye miti na kufunga mlango. Dereva alizima injini na hakuiwasha mpaka tulipoacha kusikia matawi yakivunjika. Kati ya siku zote sita, hao ndio tembo pekee tuliowaona kwa macho.

Mandera, tulipoikanyaga lami, simu ya mjomba ilianza kuita ujumbe wa siku nne kwa mpigo. Hakuusoma. Alitafuta jina la mzee mwenzake waliyechunga naye, akapiga, akaweka sauti ya juu kama kawaida ya wazee, nasi tukasikia yote.

"Nimefika. Ndiyo, Mkwaja. ... Lipo. Lipo, nimelishika kwa mkono, limepasuka tu kule kwa kuingilia, na ndani umeota mti. ... Na zizi lipo, mivumo ile mitatu ipo. ... Nyasi? Nyasi fupi, za kijani, na jua hili la Julai. ... Hapana, ng'ombe watoke wapi? Ngiri. Ngiri, kongoni, kuro na ndama wake, palepale alipokuwa akilala Kidoti. ... Hebu ngoja." Akafunika simu kwa mkono, akanigeukia. "Mjomba, gari hili mwakani linachukua watu wangapi?"